Pigo la Shoka kwenye Landrova

Kaka yangu Daudi alimvunja mtu taya kwa sababu ya mlango wa Peugeot. Mtu huyo alikuja gerejini kwake Chang'ombe, mjini Dodoma, na gari lililogongwa ubavuni. Alisikiliza maelezo ya kazi mpaka mwisho, halafu akacheka. "Siku zote hizo kwa mlango mmoja? Fundi, zama zako zimepita. Siku hizi mlango unatoka Japani, unafungwa, mtu anaondoka." Daudi alikuwa ameshika nyundo. Aliiweka chini kwanza, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuru, kisha akampiga ngumi moja.

Mkono wake ulikuwa mzito, na sisemi hivi kwa kumsifu. Mkewe, Anjelina, alirudi kwao Busi akiwa na kifundo cha mkono kilichovimba, na hakuonekana tena. Wanaume wa Chang'ombe walikuwa wakivuka barabara wanapomwona anatoka kilabuni. Lakini kila aliyemjua alikuwa na maelezo ya hasira ile, tena maelezo yenyewe yalikuwa mamoja: "Si ni mtoto wa Petro wa Shoka yule? Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wakasema hivyo kwa heshima.

Petro wa Shoka alikuwa baba yetu. Tuliishi kwenye tembe, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Chamwino, peke yetu na ng'ombe wetu kama walivyoishi Wagogo wengi kabla ya vijiji. Mwaka wa sabini na moja, wakati wa operesheni, baba aliambiwa ahamie kijiji cha ujamaa. Akajibu kwamba mtama uko ghalani na kuna ng'ombe anayekaribia kuzaa, akishazaa, atahama. Watu wa operesheni hawakungoja. Walikuja na Landrova na mgambo, wakafunga mnyororo kwenye nguzo za tembe, dereva akakanyaga mafuta. Tembe halianguki kama nyumba ya bati. Paa lake ni udongo mzito uliolazwa juu ya magogo na fito. Nguzo zikitoka, linakaa chini lote kwa kishindo kimoja, na vumbi linalofumka humo ni la miaka yote mliyoishi ndani yake. Ndama mmoja alikuwa bado ndani.

Hapo ndipo, kwa hadithi tuliyolelewa nayo, baba aliposhika shoka akalipiga gari. Wakampiga kwa marungu na mateke mpaka akaacha kujikinga, wakamfunga kamba, wakamtupa nyuma ya gari hilohilo. Alipoachiwa alirudi kwetu hasikii kwa sikio la kushoto, mbavu zimeunga vibaya. Aliishi miaka michache akitema damu, akafa. Lakini alikufa na jina. Katika kijiji kile kipya, Chamwino, ambako kila mtu aliletwa kwa nguvu na hakuna aliyeinua hata kidole, yeye ndiye aliyepiga. Walimtungia wimbo, na mpaka leo wapo wazee wanaouimba wakishalewa.

Daudi siku hiyo alikuwa malishoni na mbuzi. Aliliona vumbi tu. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, sikumbuki kitu. Yeye alikua akipigana. Shuleni alimng'oa mtoto mwenzake sikio, nusura, kwa kulitamka jina la baba kwa mzaha. Alipofukuzwa, wamisionari wakamchukua kwenye gereji yao wakamfundisha kunyoosha bodi za magari, na hapo kwa mara ya kwanza akaruhusiwa kupiga kutwa nzima.

Alikuwa fundi mzuri sana. Nilipokuwa chuo cha ualimu, likizo zangu nilizimalizia kwenye chumba cha nyuma ya gereji yake, na nilizoea kusahihisha insha zangu huku nyundo ikilia. Ila miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa. Magari yaliyotumika yalikuwa yakishushwa bandarini kutoka Japani na Dubai, na vipuri vyake pamoja nayo, na hakuna aliyetaka kungoja bati linyooshwe. Nyundo ikawa inakaa kimya siku nyingi. Daudi akikaa kimya siku nyingi, mtu mahali fulani huumia.

Kwa hiyo alipofika Bwana Brighton kutoka Arusha, mtu wa kupeleka watalii mbugani, mimi nilifurahi kuliko Daudi mwenyewe.

"Nataka Landrova za zamani, fundi. Zile zenye taa katikati, karibu karibu kama macho ya bundi. Unanyoosha, unapaka rangi ileile ya kwanza. Wazungu wanazipenda."

"Wazungu wanalipa ili wapande mkweche?"

"Wanalipa zaidi kwa mkweche kuliko kwa gari jipya."

"Basi wamechanganyikiwa."

"Wamechanganyikiwa na hela wanazo. Nifanyie moja vizuri, nitachukua kila utakayoipata."

Lakini gari lilipaswa kununuliwa kwanza, na Daudi hakuwa na kitu ila maksai wawili waliobaki nyumbani, ambao mama alikuwa akilima nao. Akiwauza kisha gari likamshinda, mama atalima kwa jembe la mkono na gereji itafungwa. Asipowauza, gereji itafungwa vilevile, polepole zaidi. Alilizungumza jambo hilo na mimi wiki nzima, akizungukazunguka. Mwishowe akasema, "Twende tukaione tu. Macho hayanunui."

Landrova yenyewe ilikuwa Kizota, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aitwaye Marko. Alikuwa amezungushia miba kwa sababu ya wezi wa vipuri, na kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Marko alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye kofia ya kufuma. Aliwahi kuwa dereva. Idara yake ilipovunjwa, akapewa gari hilo badala ya kiinua mgongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Angalia, angalia. Kuku usiwajali, hao hawamo kwenye bei."

Daudi alilizunguka gari akiligonga kwa vifundo vya vidole huku ameinamisha kichwa. Bodi ya Landrova si chuma, ni alumini. Haishiki kutu, na ukiigonga inalia kwa sauti nyembamba. Palipojazwa puti, dawa ya kuzibia mabonde ya bati, pana sauti ya mti uliokufa. Alipofika kwenye madigadi ya kushoto, bati linalofunika gurudumu la mbele, sauti ikafa. Akagonga tena. Akatoa kisu akakwangua rangi, tabaka juu ya tabaka, kisha puti ikaanguka kipande kizima. Chini yake palikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja, kingo zake zimekunjamana kwenda ndani, kama mdomo wa kibogoyo.

"Hii si ajali," alisema Daudi.

"Ah, hapo." Marko akacheka kama mtu anayekumbuka harusi. "Hapo palipigwa shoka. Mwaka wa operesheni, kule upande wa Chamwino. Mgogo mmoja mbishi hataki kuhama."

"Mkamfanya nini?"

"Tulimpa chake."

Sikuuona mkono ukiondoka. Niliona kofia ya kufuma ikiruka, na Marko akiwa chini kwenye miba. Daudi alimwinua kwa shingo ya shati, akampiga tena mdomoni, akamwachia aanguke. Mke wa mzee, Mwajabu, alitoka jikoni na mchi wa kinu, akamshushia Daudi mgongoni kwa nguvu zake zote.

"Umekuja kununua gari au kununua roho ya mtu? Mbwa we! Mzee wa watu!" Akapiga tena. "Mwite askari, we dada, umesimama kama mti!"

Daudi aliupokonya ule mchi akautupa juu ya bati la nyumba. Hakumgusa Mwajabu. Alimrudia Marko, akamgeuza kwa mguu, akatafuta mahali. "Mbavu," alisema taratibu, kama anavyosema anapochagua nyundo. "Mimi nataka mbavu."

"Ngoja!" Marko alitema jino. "Ngoja, mwanangu. Wewe ni wa Petro."

"Ni wa Petro."

"Basi kabla hujaniua, kamuulize mama yako nani alishika lile shoka." Damu ilikuwa ikimtiririka kidevuni, lakini alisema kwa haraka, akijua ana nafasi moja. "Mimi nilikuwa kwenye usukani. Nilimwona kwa kioo cha mbele kama ninavyokuona wewe. Mwanamke, ana mtoto mgongoni. Alipiga mara moja, shoka likakwama. Baba yako alikuwa ameshikwa na watu huko kando, akapiga kelele, Ni mimi! Ni mimi nimepiga! Nao wakaona afadhali iwe hivyo. Nani angerudi kambini aseme gari la operesheni limepigwa shoka na mwanamke?"

Nilikuwa nimemshika Daudi shati kwa mikono yote miwili. Alimpiga teke hata hivyo, moja, kisha tukaondoka, na Mwajabu akitufuata mpaka barabarani akitutaja ukoo wetu wote, wazima kwa wafu.

Tulipanda lori mpaka Chamwino. Mama tulimkuta anapura mtama uani. Alikuwa ametandaza masuke juu ya turubai na kuyapiga kwa fimbo ndefu, na makapi yamemjaa nyusi.

"Mbukwa, mama," nilisema. Daudi hakusalimu.

"Nimelikuta gari," alisema.

"Gari gani?"

"Lenye shoka."

Fimbo ilipanda ikashuka. Ilipanda tena, ikashuka.

"Nani alipiga?"

"Kaa kwanza ule."

"Mama. Nani alipiga?"

"Mimi," alisema mama, na fimbo ikashuka. "Ndama alikuwa analia chini ya udongo. Sikufikiri. Shoka lilikuwa pale, nikapiga. Ningekuwa na akili ningempiga dereva."

"Na hukusema!"

"Nimwambie nani? Mtu amevunjwa mbavu kwa ajili yangu, kisha nimvue na jina?"

Daudi alimnyang'anya fimbo, akaivunja gotini. Akapiga teke masuke, mtama ukaruka mpaka kwenye ukuta. Alipogeuka alikuwa na nusu ya fimbo mkononi, na mkono ulikuwa juu. Mimi nilimwita kwa jina lake. Mama hakusogea hata hatua.

"Piga," alisema. "Anjelina ulimpiga kwa sababu wewe ni mwana wa Petro wa Shoka. Haya, nipige na mimi."

Mkono ulikaa hewani muda mrefu. Kisha akaitupa ile fimbo. Mama akamsogelea, akamzaba kofi ambalo nililisikia kama limenipata mimi.

"Hilo ni la Anjelina," alisema.

Daudi akakaa chini palepale, katikati ya mtama. Sijawahi kumwona mtu mkubwa vile akikaa kwa namna ile, kama aliyekatwa kamba. Mama akaanza kuokota punje zilizotawanyika.

"Ulitaka kulinunua gari lenyewe ulifanye nini?"

"Kabla ya kujua? Nilinyooshe, niliuze. Nilipolijua, nilitaka kulikatakata."

"Ulikatekate. Halafu huyu mdogo wako Loisi ale vyuma huko chuoni."

Daudi alikung'uta mtama magotini.

"Kazi yako ni nini wewe?"

"Kunyoosha."

"Basi chukua maksai, kanyooshe."

"Nikinyoosha, litafutika."

"Lifutike. Miaka yote hii nasifiwa mume kwa pigo hilo. Wakiimba, wao wanasikia shoka. Mimi nasikia marungu."

Haikuwa rahisi hivyo. Siku nyingi baada ya hapo Daudi hakugusa nyundo. Alikuwa akikaa mlangoni pa gereji akitazama mikono yake. Nadhani kama angepata mtu wa kumshauri asilinunue, angemshukuru. Pigo lile ndilo alilolirithi badala ya ng'ombe, ndilo alilopigania tangu utotoni, na sasa alikuwa anaambiwa si la aliyedhani, kisha alinyooshe kwa mkono wake mwenyewe. Alikuja kuamua asubuhi moja bila kuniambia. Nilimwona tu anarudi kutoka mnadani bila maksai.

Wazee wa Kizota walimtoza mbuzi kwa ajili ya damu ya Marko, na mbuzi akachinjwa, na wote wawili wakala, maana usipokula nyama ile na mwenzako ugomvi haujaisha. Marko alitafuna kwa upande mmoja. "Gari nakuuzia," alisema. "Meno umeshachukua bure." Mwajabu hakucheka. Mchi wake ulikuwa bado juu ya bati, na alimtaka Daudi apande auteremshe mbele ya watu, naye akapanda.

Tuliivuta Landrova mpaka Chang'ombe. Alinyoosha kila mahali kwanza: milango, boneti, paa, madigadi ya kulia. Ya kushoto aliipitia mbali kama mtu anayekwepa mbwa.

Kunyoosha alumini kuna adabu yake. Ukiipiga ikiwa baridi inapasuka. Kwa hiyo unaipaka sabuni ya mche, unaipitishia moto wa gesi, na sabuni ikigeuka nyeusi unajua bati limelainika. Ukizidisha hapo linayeyuka mbele ya macho yako. Halafu pigo hutolewa kwa njia ileile liliyoingilia. Lililoingia kwa nje unalirudisha kwa ndani, na la mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka. Fundi hupiga kutoka chini, na mwingine husimama nje ameshikilia kipande cha reli kupokea nyundo.

Mama alifika siku hiyo bila kuitwa. Alilitazama gari kwa mbali, akavua kanga ya mabegani, akauliza reli inashikwaje.

"Mama, itakuumiza," nilisema.

"Nimekuuliza inashikwaje."

Daudi aliingia chini ya madigadi. Mama akasimama mahali palepale aliposimama siku ile, ila safari hii mapigo yalikuja upande wake. La kwanza lilimtikisa mpaka mabegani. Daudi akasita. "Piga," alisema mama, na sauti yake haikuwa ya hasira. Akapiga. Kingo zilizokunjamana zilianza kuinuka, kidogo kidogo, zikitoa sauti kama ya jino linalong'olewa. Mara moja nyundo ilipita pembeni, ikamgonga kidole. Kucha ikajaa damu nyeusi, na mama alibadilisha mkono bila kuiachia reli. Mimi nilisimama na kopo la maji nikalia, sijui nikimlilia nani. Huenda ndama. Huenda baba, aliyekuwa amefungwa kamba akipiga kelele kwamba ni yeye.

Bati liliporudi mahali pake Daudi aliliziba kwa gesi, akapiga tupa na msasa mpaka kidole kikipita hakisimami. Mama alipitisha kidole chake kizima. Akasema, "Haya," akachukua kanga yake, akarudi Chamwino kuwahi mtama.

Bwana Brighton alilichukua gari kabla mvua hazijaanza. Aliipapasa madigadi ya kushoto kama alivyoipapasa ya kulia, akasema ni kazi safi, akaagiza jingine.

Kilichofuata sikukitazamia. Jumapili moja mchana Daudi alikuwa kilabuni Chamwino, na mzee mmoja, Bartolomayo, akainua kibuyu cha pombe ya mtama kumpongeza mwana wa Petro wa Shoka.

"Hakuwa baba," alisema Daudi. "Alikuwa mama."

Watu walicheka. "Mama yako? Yule anayemkimbia jogoo?"

"Mama ndiye aliyepiga. Baba alijisingizia tu."

Kicheko kikakatika. Kusema kwamba marehemu baba yako alijipa sifa ya mwanamke, mbele ya watu, tena na pombe mkononi, si mzaha kwetu. Bartolomayo alikuwa mzee, lakini alikuwa amehamishwa siku zilezile na tembe lake lilichomwa, na naye hakuinua kidole. Petro alikuwa amepiga kwa niaba yao wote. Alishika kigoda alichokalia akampiga nacho Daudi juu ya jicho. Wengine wakamvamia. Daudi alipigana kama zamani, alimvunja mmoja pua, lakini alikuwa akipigania jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyeliamini, na ushahidi wake wa pekee ulikuwa barabarani huko mbugani, umebeba Wazungu, umenyooka.

Walimleta nyumbani kwenye baiskeli. Mama alichemsha maji, akatia chumvi, akaanza kumkanda.

"Nani kakutuma?"

"Ni kweli, mama."

"Najua ni kweli. Nilikuwepo." Alikamua kitambaa, maji yakatoka mekundu. "Mimi nilipiga mara moja. Yeye alipigwa mpaka walipochoka wao. Basi ni lake. Gari nimekwambia unyooshe, baba yako sikukwambia umguse."

Daudi alikuwa na jicho moja tu la kumtazamia. Alimwinamishia kichwa aendelee kukanda.

Alinunua gari jingine, lori bovu la zamani kule Kongwa, na mengine baada ya hapo, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Mara moja alikwenda Busi na mbuzi kuomba radhi kwa wazazi wa Anjelina. Mbuzi alipokelewa, yeye akarudishwa. Alipigana tena, nisingependa kudanganya, ingawa si mara nyingi kama zamani. Mama ametangulia, na sijui kama angenikubalia kuandika haya. Chamwino bado wanaimba ule wimbo. Daudi akipita nao wakimwita, mwana wa Petro wa Shoka, hugeuka, akaitika.